Barua kwa mwanangu: kikombe cha babu yako

Mlimba, Kilombero

Mwanangu mpendwa,

Jumamosi tumemsomea babu yako misa ya arobaini. Wageni wameondoka, sufuria za kuazima zimerudi kwa wenyewe, turubai limeshushwa, na nyumba imenyamaza. Bibi yako amelala mapema. Mimi nimekaa barazani kwenye kile kiti chake cha kamba, nikaona leo nikuandikie, maana kwenye simu tumeshindwa. Nikianza mimi unalia wewe, ukinyamaza wewe nalia mimi, tunaishia kuulizana kama tumekula.

Siku ya mazishi mjomba wako mkubwa alisoma wasifu wa marehemu. Ulikuwa nusu karatasi. Alizaliwa Njombe mwaka 1950, akasoma misheni hadi darasa la nne, akajiunga na Jeshi la Kujenga Taifa, JKT, akaajiriwa reli ya TAZARA, akafunga ndoa, akastaafu mwaka 2010, ameacha mjane, watoto 5 na wajukuu 14. Hakuna neno la uongo ndani yake. Lakini nilisimama pale na udongo mkononi nikajiuliza, mbona huyu anayesomwa kama simjui? Wewe ndiye mwenye jina lake. Siwezi kukuachia nusu karatasi.

Babu yako alifika hapa mwishoni mwa 1971, kijana wa miaka 21, pamoja na vijana wenzake wa JKT. Reli ilikuwa imeshatoka Dar es Salaam, imepita Kisaki, Mang'ula na Ifakara, imefika miguuni pa milima. Sababu ya reli ile uliisoma shuleni: walowezi wa Rhodesia, Zimbabwe ya leo, walijitangazia uhuru wao mwaka 1965, Zambia ikabaki na shaba yake bila njia ya kuaminika ya kufika baharini, wakubwa wa Magharibi wakasema reli hiyo haitalipa, na China ikakubali kuijenga kwa mkopo usio na riba. Kilomita 1,860 mpaka Kapiri Mposhi, kule Zambia. Hayo babu yako aliyajua baadaye, redioni. Alichokijua siku anafika ni kwamba atalala kwenye hema, na kwamba ule mlima anaouona mbele, treni lazima ipite ndani yake.

Kutoka Mlimba hadi Makambako hazifiki kilomita 160, lakini waulize wazee wote wa reli, watakuambia hapo ndipo walipoachia ujana wao. Mahandaki, makorongo, madaraja yanayofuatana, na udongo unaoteleza kama sabuni mvua ikinyesha. Pale Mto Mpanga nguzo za daraja zina kimo cha mita 50. Alisema mara ya kwanza alipotazama chini alikaa kitako, akashika mguu wa mwenzake, hakuinuka mpaka walipomwita kula.

Wachina walifanya kazi usiku na mchana, kwa zamu, chini ya taa. Bosi na kibarua wao walivaa nguo za aina moja, hivyo ilichukua wiki kujua nani mkubwa. Kwenye kundi la babu yako alikuwapo mmoja, mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa kwa waya upande mmoja, ambaye vijana walimwita Mwalimu. Kiswahili alikuwa na maneno kama kumi. Huyo ndiye aliyemfundisha babu yako kusikiliza chuma. Alichukua nyundo ndogo, akagonga bolti moja ikalia kwa sauti nyembamba, akagonga ya pili ikatoa mlio mzito kama mtungi uliopasuka. Akatikisa kichwa, akampa spana. Basi, somo likawa limekwisha. Babu yako aligonga bolti kwa namna ile kwa miaka karibu 40, na wewe mwenyewe unakumbuka alivyokuwa akigonga kila kitu: mlango, meza, tikiti maji, beseni jipya kabla ya kulilipia.

Masika ya 1972 Mwalimu alishikwa na homa. Walimbeba kwenye machela kushuka mlimani, babu yako ameshika mguu wa kulia wa machela, hadi kwenye gari. Waliporudi kambini wakakuta kikombe chake cha bati kiko juu ya jiwe, chai haijaisha. Babu yako akakiosha akakiweka, ampe mwenyewe akirudi. Hakurudi. Miezi ilipita ndipo wakaambiwa kwamba amefariki na amezikwa Dar es Salaam.

Kikombe hicho ndicho kile ulichokikuta kimetundikwa msumarini juu ya kitanda cha babu. Cheupe, kina ua jekundu ubavuni, ukingo wa bluu uliobanduka mahali pawili. Hatukuruhusiwa kukigusa. Mjomba wako aliwahi kuchotea maji akiwa na miaka sita, akachapwa, na mzee yule hakuwa mtu wa kuchapa. Tukadhani ni ubahili. Hakuna aliyetuambia kwamba kile kikombe kilikuwa amana.

Mwaka 1973 reli ilivuka mpaka pale Tunduma, mwaka 1975 ikafika Kapiri Mposhi, Julai 1976 ikakabidhiwa rasmi kwa nchi mbili. Wachina wengi wakarudi kwao. Babu yako akabaki na genge la kutunza njia, akaoa, na mimi nikazaliwa 1978 kwenye kota za reli, chumba na sebule, ukuta unatetemeka treni ikipita.

Sasa nikuambie kuhusu usiku wa mvua, maana huu ndio utoto wangu. Masika yakikolea huku milimani, kilima kinaweza kushuka juu ya reli kufumba na kufumbua, au maji yakala tuta kwa chini na reli ikabaki inaning'inia. Genge lilikuwa na zamu za kukagua. Lakini mvua ikipiga bati kwa nguvu, zamu iwe yake isiwe yake, nilimsikia babu yako akitafuta buti gizani. Anavaa koti la mvua, anawasha kandili, anachukua nyundo, anatoka. Bibi yako anageuka ukutani, hasemi kitu. Mimi nilikuwa nakaa macho nikihesabu. Akirudi analowa hadi kwenye mifupa, anakaa ukingoni mwa kitanda bila kuvua buti, anasubiri. Honi inasikika kwa mbali, halafu karibu, ukuta unatetemeka, halafu mbali tena. Ndipo anasema neno moja, "Imepita." Anavua buti, analala.

Mwanangu, nimekua nikidhani baba wote duniani hulala namna hiyo.

Mwaka 1987 bibi yako aliugua kifua kikuu, akalazwa Ifakara miezi miwili, maana siku hizo tiba ilianza kwa sindano za kila siku na mgonjwa hakuruhusiwa kutoka. Nilikuwa na miaka tisa, na nyuma yangu kuna wawili wadogo. Majirani walijitolea kutuchukua, babu yako akawashukuru akakataa. Alipika mwenyewe. Ugali wake ulikuwa mgumu kuliko taruma la zege, lakini ulikuwapo. Siku ya mapumziko alidandia treni na chungu cha uji na ndizi kwenda kumwona mkewe, akarudi na inayofuata.

Tatizo likawa nywele zangu. Mwalimu wa darasa alinirudisha nyumbani kwa sababu sijasuka. Babu yako alinitazama kichwa muda mrefu, kama anavyotazama njia iliyopinda. Jioni akanishika mkono tukaenda kwa jirani, mama mmoja aliyekuwa akisuka watoto wa kota. Hakumwomba anisuke. Alimwomba yule mama amsuke binti yake mwenyewe, huku babu yako akitazama. Alichuchumaa pale na kofia ya kazi mkononi, mtu mzima, mnyapara wa genge, macho yamefuata vidole vya yule mama bila kupepesa. Kesho yake alinikalisha katikati ya magoti. Vidole vyake vilikuwa na sugu na harufu ya grisi hata baada ya kunawa kwa majivu, maana sabuni miaka ile ilipatikana kwa bahati. Alivuta mno, nikalia, akaacha, akaanza upya. Ilichukua kuanzia mchana hadi taa ikawashwa. Akatoa mistari minne, twende kilioni, mmoja umepinda kidogo kushoto. Wenzake wa genge walipita barabarani wakapiga kelele za kumtania. Hakuinua kichwa. Alisema tu, "Tulia, tunamaliza."

Kwa miezi ile miwili alinisuka kila Jumapili. Mstari wa kushoto haukunyooka hata mara moja.

Mambo ya kunisomesha sekondari siyarefushi, aliuza baiskeli yake ya Phoenix na maisha yakaendelea. Ninachotaka ukijue ni cha mwaka 2001, na nimekuwa nikikiahirisha tangu ulipokuwa mkubwa wa kukielewa.

Nilikuwa chuo cha ualimu, mwaka wa mwisho, nikapata mimba yako. Chuo kikanisimamisha masomo. Baba yako uliyemsikia kwa jina akahama simu na anwani. Nikarudi nyumbani na kipisi, ile treni fupi ya akina mama wa mchele na ndizi, nimejifunga khanga mbili kuficha tumbo. Njiani nilipanga maneno. Nilijua binti wa nani alifukuzwa kwao kwa jambo hilohilo, na wa nani alipigwa. Treni iliposimama nikamwona amesimama kwenye kokoto, hajavaa nguo za kazi. Sijui aliyempelekea habari. Alinitazama usoni, akatazama tumbo, akachukua begi langu akatangulia. Nikamfuata nyuma njia nzima, na hakuna aliyesema neno. Kufika mlangoni akamwambia bibi yako, "Mpe maji aoge, katoka mbali."

Kesho yake asubuhi akaenda kwa fundi seremala kuagiza kitanda kidogo.

Ulipozaliwa, siku ya saba, alikuomba. Namaanisha alikuja kwangu rasmi, amevaa shati la kanisani, akaomba kama kuna nafasi mtoto achukue jina lake. Mimi nilikuwa nimeogopa hata kuuliza. Ulipofikisha mwaka mmoja akaniambia, "Chuo hakijahama pale kilipo. Nenda ukamalizie, huyu ana watu." Nikaenda. Kwa hiyo usishangae ukikumbuka mgongo wa babu kabla ya kuukumbuka wangu. Alikubeba kwa khanga ya bibi, mzee wa reli, akipita nawe sokoni bila haya. Alikuita mume mwenzangu, na bibi yako akiweka chakula mlikuwa mnagombea nani mwenye mke. Hatua yako ya kwanza ulikanyaga kwenye sebule ya kota, ukaishika suruali yake. Nilisimuliwa kwa barua, herufi kubwakubwa, mistari mitatu. Ninayo mpaka leo.

Halafu mwaka 2007. Hiki ulikuwepo, lakini ulikuwa na miaka sita, sijui umebaki nacho kiasi gani. Mimi nilikuwa nimeshaajiriwa Dar es Salaam, nimepanga chumba Ukonga, nimekuchukua uanze shule. Babu yako akaja kututembelea kwa likizo yake. Siku ya tatu akafungua begi, akatoa kikombe kimefungwa kwenye gazeti, akaniuliza makaburi ya Wachina yako wapi. Nikamwambia si mbali, Gongo la Mboto. Tukaenda watatu. Wewe ndiye uliyebeba kikombe, kwa mikono miwili, umeambiwa ukiangusha hakuna treni tena.

Wamelala pale zaidi ya 60. Wengine walikufa kwa ajali za kazini, wengine kwa magonjwa. Mawe yamepangwa kwa mistari iliyonyooka, na kila jiwe lina maandishi ambayo sisi watatu hatukuweza kusoma hata nukta. Nikamuuliza, baba, utamjuaje wako? Akachukua kikombe kutoka mikononi mwako akakigeuza juu chini. Kitakoni palikuwa na mikwaruzo ya msumari, herufi tatu, kutu imeingia ndani yake ikazikoza. Wachina kambini walikuwa wakiandika majina yao hivyo ili vikombe visichanganyike. Babu yako hakujua jina la rafiki yake linavyotamkwa. Alijua umbo lake tu, kwa miaka 35.

Alianzia jiwe la kwanza. Anainama, analinganisha mstari kwa mstari, anatikisa kichwa, anakwenda la pili. Jua lilikuwa kali. Nilitaka kumsaidia akakataa. Kwenye safu nyingine akasimama kwa muda mrefu kuliko kawaida. Akapitisha kidole kwenye jiwe, akapitisha kwenye kikombe, akarudia. Kisha akavua kofia. Akakuita, akakuambia, "Mwamkie."

Nawe ukasema shikamoo. Kwa jiwe. Sauti yako ilikuwa ndogo lakini ulisema vizuri, na mikono umeiweka nyuma kama ulivyofundishwa.

Alikuwa amekuja kukirudisha. Alikiweka chini ya jiwe akarudi hatua mbili. Wewe ulikuwa na kiu tangu stendi, ukaanza kulia maji, na mlinzi wa pale akatuonyesha bomba. Hatukuwa na chombo. Babu yako akatazama bomba, akatazama kaburi, akainama akakichukua kikombe, akakisuuza, akakujazia. Ulikunywa chote ukaomba kingine. Tangu 1972 hakuna mdomo uliogusa kikombe kile isipokuwa wa mjomba wako aliyechapwa. Babu yako akasubiri umalize, akakikausha kwa leso. Akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, akielekea jiwe, "Mwalimu, huyu ni mimi mdogo. Basi nakaa nacho kwa ajili yake."

Tulipokuwa tunarudi kwenye daladala umelala mapajani mwake akaniambia, "Wale wana baba zao. Baba zao hawakuja kufukia." Hakuongeza.

Ndiyo maana nakuandikia, mwanangu. Umekuwa ukiniambia kwamba hujisamehi kwa kutokuja. Babu yako alipopata kiharusi, sauti ikiwa bado inasikika, nilimwambia nitakuita. Akakataa kwa mkono. Akasema nauli ile ni ada, na mtihani hausubiri msiba. Mimi niliona hajakataa kwa uchungu. Alishawahi kusimama kwenye makaburi ya watu waliozikwa bila wenyewe, na alijua kwamba anayebaki mbali naye ni mfiwa. Uliponipigia mwezi wa nne kuniambia huko Wuhan, China, watu wamefunga kazi wanakwenda kufagia makaburi ya wazee wao, na wewe huna pa kufagia, nilikosa cha kukujibu. Jibu nililikumbuka baada ya kukata simu. Huku kuna makaburi ya wazee wao yaliyofagiwa na wazee wetu.

Lipo jambo moja linanisumbua na sina wa kumwambia ila wewe. Siku zake za mwisho hakuwa akitofautisha usiku na mchana. Aliamka ghafla, akaniuliza, "Imepita?" Nikamjibu, "Imepita, baba." Akalala. Usiku mwingi hapakuwa na treni yoyote. Nilimdanganya, mtu ambaye hakuwahi kulala kwa kudhania. Sijui kama nilifanya vyema. Usiku aliofariki mvua ilikuwa inanyesha, na treni ya mizigo ilipita kweli, kama saa tisa hivi, nikaisikia vizuri. Hakuuliza. Nikamwambia hata hivyo.

Kaburi hatujalijengea. Wajomba zako walitaka waweke saruji mapema kabla udongo haujatitia vibaya, bibi yako akasema hapana, mpaka mume wangu mdogo arudi likizo, aweke jiwe la kwanza yeye. Kwa sasa kuna msalaba wa mninga. Jina lililochongwa pale ni lako pia, kwa hiyo ukija usishtuke. Mimi nilishtuka.

Kikombe kiko kwenye sanduku langu, nimekifunga kwa kitenge. Sikitumi kwa mtu, utakikuta. Lakini pamoja na barua hii nakutumia picha ya kitako chake, nimeipiga mchana kwenye mwanga mzuri, herufi zote tatu zinaonekana. Miaka yote hii hapakuwa na mtu wa kumuuliza, na sasa tunaye wa kwetu. Zisome taratibu, kisha niandikie kwa herufi zetu jina linavyotamkwa, nami nitamsomea bibi yako. Amesema Novemba 2, siku ya kuwaombea marehemu wote, anataka kupeleka majina mawili kanisani. Moja tunalo.

Mama yako akupendaye